Samli Kwenye Viatu vya Mkwe

Nyarugabo hakuwahi kuvumilia kiatu kichafu. Kanisani kwao, pale Black Rock, mtaa wa mji wa Buffalo huko Amerika, vijana walikuwa wakimtania kwamba siku ya mwisho mzee huyu ataulizwa habari za dhambi zake, naye atajibu kwamba viatu amevipiga brashi. Alikuwa mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, mwana wa mfugaji, na mikononi mwake kila kitu kilikuwa na utaratibu: ngozi hupakwa samli, kibuyu cha maziwa hufukizwa moshi wa majani mpaka kinukie, na mtu mwenye akili hujulikana kwa usafi wa vitu vyake. Kule Lackawanna, kwenye ghala alikopanga maboksi, hakuna aliyemuuliza habari za samli wala vibuyu. Basi ujuzi wake ulikaa nyumbani bila kazi, na ujuzi usio na kazi, ndugu yangu, una kiherehere.

Mwezi wa Januari binti yake Umwali alileta nyumbani viatu vya mchumba wake, Gatsinzi, pamoja na ski zake. Havikuwa viatu vya kutelezea theluji vya kila mtu, vile vinavyomfunga mtu kisigino kwenye ubao. Vilikuwa vya telemaki, mtindo ambao kisigino huachwa huru na mtu hushuka mlima akipiga goti kama anayeomba. Gamba lake lilikuwa la plastiki ngumu, na mbele, penye vidole, kulikuwa na mikunjo kama ya kodiani ili mguu uweze kupinda. Ncha ilitokeza bapa kama mdomo wa bata, ikaingia kwenye kishikio cha chuma kilichofungwa kwa skrubu juu ya ubao, na kutoka hapo waya wenye springi ulizunguka kukamata kisigino. Gatsinzi alipewa viatu hivyo na mzee aliyemfundisha mchezo, na vya namna ile, vya mdomo wa bata, havikuwa vinapatikana tena kirahisi madukani.

Gatsinzi alilelewa Louisville na baba yake mdogo, Elie, kisha akaja Buffalo kusoma, akaishia kuupenda mlima mmoja wa kusini mwa mji kuliko darasa. Alifanya kazi hukohuko, akitengeneza ski za watu, na mwisho wa Februari alikuwa na mtihani wa kuwa mwalimu wa telemaki. Kanisani walimshangaa. Wazazi wetu walishuka milima wakikimbia, walisema, na huyu anasomea kushuka. Lakini walimpenda, kwa sababu alikuwa na adabu na aliwasaidia akina mama kuyatoa magari yao kwenye theluji bila kuombwa.

Aliviacha viatu vyake kwa akina Umwali kwa kuwa alikuwa akienda Louisville kupanga na Elie habari za mahari, na chumba alichopanga kilikuwa na unyevu mpaka ukutani. Umwali akaviweka kwenye kibaraza cha mbele, kile kilichozibwa vioo, akampa baba yake maagizo yote kama alivyoyapokea. Kiatu laini cha ndani kikauke kwa hewa ya kawaida tu. Gamba lijazwe magazeti, na bizimu zifungwe kidogo ili umbo lisipotee. Chumvi ya barabarani, ile inayomwagwa kuyeyusha theluji, ifutwe kwa kitambaa chenye maji, maana chumvi ya Buffalo hula hata magari. Springi za kishikio zifutwe kwa kitambaa kikavu, basi; grisi yake maalumu Gatsinzi mwenyewe angeipaka akirudi. Umwali alikuwa amechelewa, anakimbilia Kenmore kwenye kazi yake ya kutunza wazee, na mlangoni akageuka, akavionyesha viatu kwa kidole.

“Papa, ile bilatu usiifanyie kitu ingine. Na moto, hata kidogo. Ile plastiki haipendi moto.”

Nyarugabo akaitika. Alisikia kila neno, wala tatizo lake halikuwa masikio. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hawakutunga lolote kuhusu mkuu asiyesikia la mdogo. Pengine ni kwa sababu watunzi wenyewe walikuwa wakuu.

Siku ile hakuwa na zamu. Jioni kikundi cha maombi kingekutana kwake, na kila mgeni angepita pale kibarazani. Alipokwenda kuchukua koleo la theluji, harufu ikampokea. Lilikuwa jasho la miguu la misimu mingi, limelala ndani ya kile kiatu laini mpaka likachacha. Nyarugabo aliona haya. Kwao mkwe si mtu wa kuchezewa: baba mkwe hamkazii macho, hali naye sahani moja, na mkwe akisemwa vibaya ni kama binti yako amevuliwa nguo njiani. Leo watu wa maombi waje waseme mkwe wa Nyarugabo ananuka? Tumpe haki yake mzee wetu, alianza kwa upendo. Upumbavu mwingi wa wazee huanza hivyo.

Akachukua kopo la samli la mkewe, Kanyana, aliyekuwa kazini kiwandani, akavipaka viatu mpaka vikang'aa. Akaziona na springi za ski zimesimama ukutani, kavu kabisa, akazihurumia. Chuma nacho kinapenda mafuta. Akazijaza samli kwa kidole. Viatu vilipendeza, lakini harufu haikuondoka, na sasa ilikuwa imepata mwenzake. Hapo ndipo alipokumbuka vibuyu.

Uani kulikuwa na jiko la mkaa walilochomea nyama ya mbuzi wakati wa kiangazi. Akalifuta theluji, akawasha, akaacha makaa yakolee, kisha akatupia matawi mabichi ya ule mti wa uzio ili yatoe moshi bila kuwaka. Akavisimamisha viatu juu ya wavu, bizimu wazi, akafunika. Moshi ukapanda mweupe na mtamu. Alisimama hapo na koti lake la baridi, akajiona mtoto wa miaka kumi amesimama kando ya mama yake, anangoja kibuyu kikubali.

Simu ikalia ndani. Alikuwa Kagabo, kaka yake mkubwa, anayeishi Columbus. Kagabo alisema mahari itapokelewa kwake, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na kwa kuwa Columbus iko katikati ya watu wa Buffalo na watu wa Louisville, na Elie amekwisha kukubali. Hayo si maneno ya kusikilizwa ukiwa umesimama. Nyarugabo akakaa. Ndugu wawili wakapanga nani atakaa wapi, nani atasema, wakawataja waliokufa ambao wangefurahi, wakaendelea. Wakati wote huo samli ilikuwa ikidondoka kwenye makaa.

Alipotoka, moshi ulikuwa mweusi. Mikunjo ya kiatu cha kushoto ilikuwa imeshikana ikawa donge moja. Mdomo wa bata ulikuwa umepinda juu. Kiatu laini cha ndani kilikuwa kimesinyaa, kimekuwa cha mtoto wa shule. Alijaribu kulinyoosha gamba kwa mikono kabla plastiki haijapoa, akaungua vidole, nalo likapasuka pembeni. Basi akaviosha kwa sabuni mpaka masizi na samli vikaondoka, akavirudisha kibarazani palepale alipovikuta, akachomeka hita ndogo ya umeme iliyokaa pale ili vikauke. Kuhusu hiyo hita naweza kumtetea. Hakupanga uongo wowote alipoichomeka, alitaka tu maji yaondoke.

Umwali alirudi mapema kuliko alivyotazamiwa. Baba yake alikuwa mezani anakunywa chai, mlango wa kibarazani uko wazi. Alimwona binti yake akisimama, akiitazama hita nyekundu, akivitazama viatu kando yake, kisha akiweka mikono kichwani. Kila asubuhi kabla ya kazi Umwali alikuwa na desturi ya kuwasha ile hita ajipashe miguu akivaa. Akakaa chini sakafuni na koti lake, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekwisha kujihukumu.

“Niliacha hita, papa. Ni mimi. Nimeharibia Gatsinzi mtihani yake.”

Nafasi ilikuwa hapo, pana kama mlango wa kanisa. Neno moja lingetosha, na aibu yake ingekuwa ya jioni moja tu. Wangemcheka, Kanyana angeuliza samli yake, yangekwisha. Nyarugabo akafungua kinywa. Lakini msichana yule, tangu utoto wake kwenye kambi ya wakimbizi, alikuwa akimletea baba yake kila kilichovunjika, kwa imani kwamba mkononi mwa baba hakuna kinachoharibika. Mzee akashindwa kuiua imani hiyo. Akasema:

“Pole, mama. Kitu inaharibikaka.”

Maneno hayo aliyasikia yakitoka kinywani mwake. Aliona haya palepale, mbele ya kikombe chake, na haya hiyo haikumwacha tena. Jioni watu wa maombi walikuja, wakamkuta Umwali na macho mekundu, wakamwombea.

Gatsinzi aliporudi kutoka Louisville hakugomba. Alimwambia Umwali kwamba viatu vilikuwa vizee, kwamba plastiki nayo huchoka, kwamba hata bila hita visingemaliza msimu. Kisha akapiga goti kibarazani kuzikagua ski. Baridi ilikuwa imeigandisha samli ndani ya springi ikawa kama mshumaa, na waya haukukubali kusogea. Akaifuta kwa kitambaa, akanusa kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni. Nyarugabo alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Alijiambia kwamba mtoto wa Amerika hawezi kuijua harufu ya samli. Mtu akishaanza kujidanganya huwa hachagui.

Mtihani Gatsinzi aliufanya kwa viatu vya kuazima, vilivyombana vidole, naye akaanguka mbele ya wasimamizi. Wakamwambia arudi mwakani. Umwali akaacha kuimba kwaya. Aliwaambia mama zake wadogo kwamba kama hawezi kutunza hata viatu, nyumba ya mtu ataitunzaje. Kanyana alimtuliza kadiri alivyoweza. Nyarugabo alikuwa akiondoka mezani kila mazungumzo yanapofika hapo, na kazini alikuwa akiyasema maneno ya kuungama peke yake kati ya maboksi, vizuri kabisa, kwa mpangilio. Akifika nyumbani hayapo. Maji yakimwagika hayazoleki, alijiambia, na kumbe kila siku alikuwa akimwaga mengine.

Halafu akafanya jambo ambalo hata mimi ninayemhurumia sina la kumtetea. Siku za mahari zilipokaribia, Olivier alimpigia simu. Olivier huyu ni mchungaji wa Columbus mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wa upande wa binti. Katika sherehe za kwao wazazi hawasemi, wanasema wasemaji, na msemaji wa binti lazima awe na makosa ya kumtania nayo mkwe, ili upande wa mwanaume uombe radhi na kutoa faini, watu wacheke, ndoa ipate utamu. Olivier akaomba apewe kosa moja la huyo kijana. Nyarugabo angeweza kusema lolote, kwamba anakula haraka au anaendesha gari polepole. Akasikia mdomo wake ukisema kwamba kijana aliacha viatu kwao bila kuviangalia, vikaungua. Olivier akacheka sana. Akasema hilo ni zuri, amelichukua.

Wakasafiri Jumamosi moja ya Aprili, wakalifuata ziwa mpaka Erie na Cleveland, kisha wakashuka kusini. Umwali alilala njia nzima begani kwa mama yake. Nyarugabo alikuwa kwenye usukani, akitamani barabara iwe ndefu zaidi.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa la kina Kagabo. Watu wa Louisville walikaa upande mmoja, wa Buffalo na Columbus upande wa pili, Umwali amefichwa na wanawake kwenye chumba cha pembeni, mlango umerudishwa nusu. Elie, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, ndiye aliyesema kwa niaba ya Gatsinzi. Maneno yalikwenda vizuri. Ukoo ukatajwa, ng'ombe wakatajwa na kusifiwa mmojammoja, rangi na pembe zao, ingawa kila mtu mle ndani alijua kwamba ng'ombe wa Amerika hawaji kwa miguu. Nyarugabo alikaa kando ya kaka yake, amevaa suti, fimbo mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Kisha Olivier akasimama na tabasamu lake.

“Bon, tuko na swali,” alisema. “Huyu kijana aliacha bilatu yake kwetu, haikuchungwa, ikaungua na moto. Mutu hawezi kuchunga bilatu, ataweza kuchunga mutoto yetu?”

Ukumbi ukacheka. Kutoka chumba cha pembeni hakikusikika kicheko. Gatsinzi aliinamisha kichwa kama desturi inavyotaka, na Elie akasimama taratibu. Alisema kosa hilo wanalipokea. Alisema mtoto wao hakulelewa vibaya, ila ujana una usahaulifu, na kwa ajili ya viatu hivyo wanaongeza mtamba mmoja mweupe, awe radhi kwa mzee Nyarugabo na nyumba yake. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mtamba! Nyarugabo angeweza kuvumilia soda za faini, angezinywa na uongo wake vikashuka pamoja. Lakini baba yake alikufa maskini kwa kukataa ndama aliyeingia zizini kwake usiku bila mwenyewe kujulikana. Kwao mtu anaweza kula kitu chochote cha watu akasamehewa, isipokuwa ng'ombe. Akatazama watu wa Louisville wakimpigia makofi kwa heshima. Akasimama. Kagabo akamvuta koti, kwa sababu baba wa binti hasemi. Hakukaa.

“Ile ng'ombe siikubali,” alisema.

Vigelegele vikakatika. Kukataa ng'ombe wa mahari ni kukataa mkwe, hakuna asiyejua hilo. Upande wa Louisville wanaume wawili walisimama. Gatsinzi akainua uso, na kwa mara ya kwanza baba mkwe na mkwe wakatazamana machoni. Olivier, na ulimi wake wote ule, akakaa.

Ikabidi aseme yote. Alisema vibaya, bila ule mpangilio wa maboksini: kwamba ni yeye aliyevipaka samli, ni yeye aliyevifukiza kama vibuyu, ni yeye aliyeviacha motoni akizungumza na simu, na hita haikufanya kitu. Alisema kijana hana kosa. Alisema hata ile habari ya viatu, aliyempa Olivier ni yeye. Alipomaliza alibaki amesimama, mzee mzima, machozi yakimshuka mbele ya wakwe, na watoto waliokuwa wakikimbia nyuma walisimama kumtazama.

Elie akainuka. Alivuka nafasi iliyokuwa kati ya pande mbili, akamshika mkono.

“Kaa, mzee. Sisi tulijua. Kijana alitupigia simu, akasema samli iko ndani ya springi. Alituomba, bilatu ikitajwa, kosa tulibebe sisi, wewe usipate haya mbele ya watu. Hata Umwali, kijana hakumwambia. Alisema, mutoto asipoteze baba yake kwa sababu ya bilatu.”

Nyarugabo akakaa. Kumbe watu wote wa upande ule walikuja kutoka Louisville wameibeba aibu yake kama mtu anavyobeba maziwa, bila kumwaga tone, wamempa na mtamba juu yake. Na yeye, kwa ukweli wake uliochelewa, ndiye aliyekimwaga kile pekee kilichokuwa kimehifadhiwa, imani ya binti yake. Maana mlango wa chumba cha pembeni ulikuwa umerudishwa nusu tu. Elie alisema ng'ombe akishatajwa harudishwi zizini, mtamba ni wa nyumba ya mzee, na sherehe iendelee. Watu wakapumua. Wengine walikuwa wanafuta macho na kusema huyu ni mzee wa kweli, amejishusha mbele ya wakwe, wangapi wangeweza?

Wanawake wakaimba, mlango ukafunguliwa, Umwali akaingia amevaa mshanana wake, vazi refu la sherehe linalofungwa begani, kichwa kimeinama kama inavyotakiwa. Akawakumbatia wakwe mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio, Elie kwanza. Alipofika kwa Gatsinzi alimshika mikono kitambo kirefu kuliko desturi. Kisha akaja upande wao, kwa Kagabo, kwa mama yake, na mwisho kwa baba yake. Nyarugabo akasimama kumpokea. Binti akaweka mikono mabegani mwake, akakaribisha mdomo sikioni.

“Nililia mbele yako, papa. Ukaniambia pole.”

Hakusema kwa hasira. Alimwachia polepole, akarudi akaenda kukaa upande wa Louisville, kwenye kiti kilichowekwa kando ya Gatsinzi. Ukumbi mzima ukapiga makofi, wakidhani amemsamehe.